Meno Yapo, Tarehe Imefika: Kumuaga Mzee Kidole wa Stoo ya Matairi

Leo Ijumaa, tarehe 27 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Kidole anakabidhi funguo za stoo ya matairi baada ya kuitumikia bohari yetu ya dawa kwa miaka thelathini na moja na miezi miwili. Kwa muda huo amefunga matairi, amefungua matairi, ameyajaza upepo, ameyaziba, na zaidi ya yote ameyakataa. Kama bohari ingekuwa na nishani ya kukataa, angestaafu akiwa na kifua kizito.

Wageni mliokaa na karatasi hii mikononi mnaweza kudhani kwamba sherehe hii ilipangwa zamani na haikuwa na wasiwasi wowote. Sivyo. Hadi Jumatatu ya wiki iliyopita haikujulikana kama mzee angeruhusiwa kuondoka. Fomu yake ilikuwa imekwama kwenye meza ya mtu mmoja kwa sababu ya matairi sitini na manne, ambayo mtu huyo alitaka yasainiwe na Kidole hakutaka kuyasaini. Tutafika huko. Kwanza tueleze kidole.

Serikali humpa kila mtunza matairi kipimo cha chuma cha kupimia kina cha meno ya tairi. Mzee hutumia kidole gumba. Hukichomeka kati ya meno, hufumba jicho moja, kisha hutamka namba ya milimita: "Sita." "Nne." "Hili kipara, toa." Miaka kumi na saba iliyopita alikuja mkaguzi kutoka makao makuu na kipimo chake mwenyewe, ndani ya mfuko wa ngozi, akatofautiana na kidole kwa milimita moja. Ubishi ulichukua asubuhi nzima, mpaka ilipogunduliwa kwamba kipimo cha mkaguzi kilikuwa kimepinda. Mkaguzi aliondoka bila kukichukua. Hadi leo ndicho kinachozuia mlango wa stoo usijifunge.

Kuhusu neno kipara, madereva wamekuwa wakimtazama kichwani kila alitamkapo, na kwa miaka yote hiyo jibu lake ni lile lile: "Hiki cha kichwani hakigusi barabara." Wapya hucheka. Wa zamani huondoka mapema, maana baada ya mzaha huo hufuata somo, na somo la Mzee Kidole halina dakika za mapumziko. Dereva aliyeingia stoo kuomba tairi la akiba saa mbili aliweza kutoka saa nne akiwa na elimu ya mpira wote duniani, lakini bila tairi.

Mama watoto wake, ambaye amekaa mstari wa mbele na anajua kwamba hatutii chumvi, anasema nyumbani hali ni hiyo hiyo. Mgeni akivua viatu mlangoni, mzee huvigeuza kutazama soli. Kijana mmoja alipokuja kujitambulisha kwa ajili ya binti yao wa pili, mzee alirudi sebuleni ameshika kiatu, akamwambia mbele ya wazee wa pande zote mbili, "Kijana, soli yako unaila upande wa nje. Kafanye alaimenti kwanza, unyooshwe kama magurudumu, ndipo uje kuoa." Kijana alirudi baada ya wiki na viatu vipya, akapewa mke. Bado anaegemea upande wa nje, lakini ni mkwe mwema.

Sasa kazi yenyewe, na hapa tunaomba subira, kwa sababu wengi wa watakaohutubia leo wamewahi kununua matairi na wachache wamewahi kuyaelewa.

Magari yetu ni malori madogo yanayopeleka dawa kwenye zahanati kumi na moja, pamoja na magari ya aina ya jipu ya wasimamizi. Lori huondoka hapa asubuhi kwenye lami, saa nne limeingia changarawe, na kabla ya jioni liko kwenye udongo mwekundu wa kilima cha mnara wa simu, ambao ukinyeshewa huteleza kama sabuni. Tairi la lami lina meno mafupi yaliyobanana. Kilimani litazunguka pale pale. Tairi la matope lina meno marefu yaliyoachana, ya kutafuna udongo na kuutema. Hilo kwenye lami hulia, hutetema na kuisha haraka. Katikati lipo tairi la njia zote. Hilo ni tairi la suluhu: kila upande umepunjwa kidogo ili asiwepo wa kulalamika, na kwa hiyo wote hulalamika. Lakini kwa kazi yetu hakuna jingine. Kinachobaki ni kuchagua lipi kati ya hayo ya njia zote, na hapo ndipo anapoingia Mkuu wa Ugavi.

Mkuu wa Ugavi, ambaye karakana humwita Brosha kwa sababu hatembei bila karatasi za rangi za wauzaji, mwaka juzi alileta mbele ya Kamati ya ununuzi picha ya tairi lenye meno hadi ubavuni, limefungwa kwenye jipu lililosimama juu ya jiwe kubwa. Jipu lilikuwa safi. Hapakuwa na dalili ya jinsi lilivyopanda wala litakavyoshuka. Kamati ilipokezana ile picha mkono kwa mkono, na wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kidole, aliyeitwa kwa ajili ya kushuhudia tu, aliuliza swali moja: "Bosi, katika zahanati zetu kumi na moja, ipi iko juu ya jiwe?"

Kisha Kamati, kwa lengo la kumchosha, ikamwagiza afanye majaribio.

Ilikosea. Mtu wa namna ile huwezi kumchosha kwa kumpa jambo la kupima. Alichukua malori matatu ya aina moja, akayafunga aina tatu za matairi ya njia zote, akayapitisha njia moja kwa miezi kumi na sita. Kila baada ya kilomita elfu nane aliyahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, ili lisiwepo la kusingizia nafasi. Matokeo aliyaandika kwa chaki upande wa ndani wa mlango wa stoo, na mlango ule ulisomwa na watu wengi kuliko taarifa yoyote iliyowahi kutoka ofisini.

Madereva waliyapa majina. Lile la kwenye picha waliliita Mbwembwe. Kwenye tope lilikuwa hodari kweli, tuseme haki. Lakini changarawe ililimega meno vipande vipande, kwenye lami lilivuma kiasi cha kumfanya dereva ashuke akiwa haambiliki, na lilikunywa mafuta. La pili waliliita Bubu. Laini, kimya, la kistaarabu, dereva anasinzia. Mvua ya kwanza ilipopiga kilima, Bubu alikaa chini ya kilima siku mbili, kimya vile vile. La tatu waliliita Mama Mkwe. Jina hilo alilitoa Honi, dereva wa lori namba tatu, mtu wa maneno machache na sauti kubwa. "Analalamika njia nzima," alisema, "lakini hajawahi kuniacha njiani." Baada ya miezi kumi na sita Mama Mkwe alikuwa amebakiwa na meno ya milimita saba kwa kipimo cha kidole, wenzake wakiwa vipara. Kamati ikaagiza Mama Mkwe sitini na manne kwa ajili ya mvua za mwaka huu.

Hapa ni lazima turudi nyuma miaka kumi na miwili, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini mzee alikataa mzigo alioupendekeza mwenyewe.

Mwaka ule lori namba tatu lilihitaji tairi moja la mbele. Kidole alipanda kwenye rafu ya juu, akashusha tairi ambalo halijawahi kugusa barabara, akachomeka kidole, akasema, "Tisa. Jipya." Akalifunga mwenyewe. Lori lilipokuwa linashuka kilima cha mnara, tairi lilipasuka likiwa na meno yake yote. Lori lililala mtaroni na Honi alilala hospitali miezi minne. Alirudi na mguu wa kushoto mfupi kwa upana wa vidole viwili; aliyeupima mnamjua. Mpira haungoji kutumika ndipo uchakae. Hukauka ukiwa umekaa tu mahali pamoja, kama baadhi yetu maofisini, na kwa nje huoni tofauti. Tarehe ya kutengenezwa huandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lile lilikuwa na miaka tisa. Kwenye taarifa ya ajali palikuwa na nafasi ya kueleza chanzo, mistari kumi na mitano. Kidole alijaza mmoja: "Nilipima meno, sikusoma tarehe." Hakutaja rafu, hakutaja aliyenunua. Tangu siku hiyo tairi lililopita miaka mitano halifungwi katika karakana hii hata liwe na meno ya mamba.

Mwezi uliopita mzigo ukafika. Mama Mkwe sitini na manne, meno kamili, yamepakwa dawa ya kung'arisha mpaka unajiona. Kidole aligeuza la kwanza, akasoma, akavaa miwani, akasoma tena. Akageuza yote. Yalikuwa yametengenezwa wiki ya arobaini na saba, miaka sita iliyopita. Akafunga kalamu, akarudi kunywa maji.

Brosha alijibu kwa waraka, na waraka huo tumeuhifadhi kwa ajili ya vizazi vijavyo. Ulieleza kwamba tarakimu zilizoko ubavuni ni "Namba ya Ubora", kwamba matairi ya mwaka jana yalikuwa na ubora wa ishirini na mbili tu, na kwamba Ofisi ya Ugavi, kwa juhudi zake, imefanikiwa kupanda hadi ubora wa arobaini na saba. Tarakimu mbili za mwisho waraka haukuzitaja. Honi alipousoma ukutani alisema kwa ile sauti yake, "Basi tungoje yenye ubora wa sitini. Siku mwaka utakapopata wiki sitini."

Ofisi haikucheka. Fomu ya kuachia kazi ina kisanduku cha saba, ambamo Mkuu wa Ugavi huthibitisha kwamba mstaafu hajaacha jambo lolote la stoo bila kulimaliza. Brosha alimwita mzee na kumweleza kwa upole mkubwa kwamba matairi yasiyosainiwa ni jambo lisilomalizika. Saini kwa saini. Bila kisanduku cha saba hakuna barua ya kustaafu. Mtu angebaki hapa, umri umepita, hana kazi na hana ruhusa ya kwenda.

Wakati huo nyumbani masanduku yalikuwa yameshafungwa. Nyumba yao mpya nje ya mji, waliyoijenga pole pole kwa miaka kumi na tisa, ilikuwa imepigwa deki na lori la kuhamisha lilikuwa limeshaitwa. Mama watoto ndiye aliyetusimulia, kwa hiyo hatumsengenyi. Alimwambia, "Baba watoto, saini tu twende zetu. Kesho hayo matairi si yako." Mzee akamjibu, "Na mguu wa Honi ulikuwa wangu?" Mama akafungua sanduku moja, akatoa sufuria mbili, akaingia jikoni kupika. Hilo lilikuwa jibu.

Jumatatu ya wiki iliyopita, saa mbili asubuhi, madereva wote wakiwa uwanjani wakisubiri funguo, Brosha alikuta jipu lake la ofisi limeinuliwa juu ya jeki. Pembeni alisimama msaidizi wa mzee kwa miaka minane sasa, Dada Jeki, spana mkononi, na Mama Mkwe wanne wamepangwa wanang'aa.

"Bosi, shikamoo ya leo ni ya furaha," alisema Kidole, ambaye kwa umri ndiye angestahili kuamkiwa. "Nimeamua kusaini. Ila kwa heshima, gari lako liwe la kwanza kufungwa. Ubora arobaini na saba."

"Ala! Hapana, hapana," alisema Brosha. "La kwangu liacheni kwanza."

"Kwani lina tatizo gani?"

"Alhamisi nasafiri, mzee wangu. Barabara kuu, mwendo wa kasi, na mke na watoto humo ndani. Siwezi kufungiwa matairi yaliyokaa ghalani miaka yote hiyo."

Tunawaomba msome tena sentensi hiyo, kama sisi tulivyoisikia mara ya pili vichwani mwetu tukiwa tumesimama pale. Honi alisogea mbele, mguu mmoja kwanza, mwingine ukifuata.

"Miaka ipi, bosi?"

Brosha alifungua mkoba wake. Alitafuta kitu kati ya zile karatasi za rangi, hakukipata, akaufunga. Dada Jeki alishusha jipu taratibu, likagusa ardhi kwa matairi yake yale yale. Mzee Kidole alichukua fomu ya kupokelea mzigo, kwenye nafasi ya hali ya bidhaa akaandika: "Meno kamili. Umri miaka sita. Hayakubaliki hata kwa gari la bosi." Akasaini. Alikuwa ameahidi kusaini.

Jioni ile matairi yalirudishwa kwa muuzaji. Siku ya Ijumaa yakaja mengine, Mama Mkwe wale wale, yakiwa na umri wa wiki kumi na moja, na wiki hii malori yote yamepanda kilima cha mnara katika mvua na kushuka. Kisanduku cha saba kilijazwa Jumanne bila maelezo. Kumbukumbu za kikao zinasema kwamba "Kamati, kwa umakini wake, iligundua kasoro ya tarehe", na tunaipongeza Kamati kwa kugundua jambo lililosemwa kwa sauti uwanjani mbele ya watu ishirini na sita. Mkuu wa Ugavi atatoa hotuba ya shukrani, kama mnavyoona kwenye ratiba, ukurasa wa pili. Amepewa dakika kumi. Tuna imani kwamba tano zitamtosha.

Limebaki jambo moja, na hili halichekeshi sana.

Baada ya ushindi ule, madereva waliandika barua ya kuomba mzee aongezewe miaka miwili. Ilikuwa barua nzuri. Ilieleza kwamba macho yake yanaona, mgongo wake hauumi, na kidole hakijakosea. Wote walisaini, Honi wa kwanza kwa herufi kubwa. Hata uongozi, ambao wakati huo haukuwa na hamu ya kubishana na karakana, ulikuwa tayari kukubali. Ilihitajika saini yake tu. Dada Jeki ndiye aliyempelekea.

Aliisoma yote, amesimama kwenye mlango wa stoo uliojaa chaki. Kisha akamrudishia. "Mwanangu, mmeandika vizuri, na yote ni kweli. Meno yapo. Lakini tarehe je?" Dada Jeki alimwambia mtu si tairi. Mzee alikubali kwamba mtu si tairi. "Ila nikibaki kwa sababu ya meno," alisema, "mwakani akija Brosha na matairi mazuri ya miaka saba, wewe utamwambia nini?" Dada Jeki alikunja barua akaiweka mfukoni mwa ovaroli, na tunavyojua bado ipo.

Kuanzia kesho stoo ni ya Dada Jeki. Mlango hautapakwa rangi. Ameshaweka kufuli, na hilo ndilo sharti lake. Kipimo kilichopinda kitaendelea kuuzuia usijifunge.

Mzee Kidole, tunakushukuru kwa kila ulilokataa. Tunakushukuru kwa masomo, pamoja na yale ambayo tuliyakimbia katikati. Zaidi tunakushukuru kwa ule mstari mmoja wa taarifa, kwa sababu ofisi nzima imekaa miaka kumi na miwili karibu nao na bado ni wachache wanaoweza kuuandika. Mama, tunakurudishia mume wako akiwa na umbo kamili. Viatu vya wageni vifiche.

Ofisi itakukabidhi saa ya ukutani, ambayo Mkuu wa Ugavi aliichagua kwenye picha. Zawadi ya karakana ni nyingine. Kila mtu hapa anajua kwamba mtu huyu aliyewanyima matairi makuukuu wakubwa wa kila aina amekuwa akija kazini kwa baiskeli yenye matairi mawili yasiyofanana, na la nyuma lina viraka kumi na kimoja. Tumekununulia jozi mpya. Tunajua kwamba kabla ya kusema asante utayageuza kutafuta tarehe, na tunajua pia, kwa kuwa ulitufundisha, kwamba haya ya baiskeli hayakuandikwa. Kwa hiyo Dada Jeki ameyaandika mwenyewe ubavuni, kwa rangi nyeupe, tarakimu nne. Vaa miwani usome: wiki ya ishirini na sita, mwaka huu. Ndiyo wiki hii, mzee. Unaanza leo. Nenda salama, upepo ukutoshe mbele na nyuma.